Kilima Kisicho na Nyumba

Baba alipapasa mifuko akitafuta miwani yake, akaikosa, akaja kuipata juu ya kichwa chake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kucheka. Hata Shangazi, ambaye kicheko chake hakijui mahali wala wakati, aliinamia kikombe chake cha chai. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, nikimtazama mwanaume niliyempenda akifungua karatasi ya kahawia iliyofunika zawadi aliyomletea baba yangu.

"Ni kitu kidogo tu, Baba," Brashi alisema. "Nimeona nisije mikono mitupu."

Brashi halikuwa jina la nyumbani kwao, lakini hata mama yake alishalizoea. Lilimganda tangu enzi zile alipokuwa akichora vibao vya vinyozi, vichwa vya wanaume wenye nywele ambazo hakuna kinyozi duniani angeweza kuzinyoa. Kutoka kwenye vibao akapanda daraja, akawa anachora mapazia ya studio za picha: maporomoko ya maji, ndege za abiria, ngazi za marumaru, ili watu wasimame mbele ya mapazia hayo wapigwe picha kana kwamba wametoka ng'ambo. Halafu akageukia milima ya kwetu, na hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Sasa milima yake ilining'inia kwenye benki, kwenye hospitali, na kwenye vyumba vya hoteli ambazo mimi nimeziona kwa nje tu. Magazeti yalimwita mchoraji wa milima. Mimi nilikuwa namshonea vitambaa vyake vya kuchorea katika karakana yangu ya mapazia, na nilimwita mpenzi, ila si mbele ya Baba.

Siku hiyo alikuwa amekuja kujitambulisha na kuniomba. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na ncha, na nilijua amelipiga mwenyewe, kwa sababu kola ilikuwa imeungua kidogo upande wa nyuma. Nilimpenda zaidi kwa ajili ya ile kola.

Karatasi ikaanguka chini. Ndani mlikuwa na nakala kubwa ya picha iliyomtoa, imewekwa kwenye fremu nyeusi ya mbao.

"Ni kilima chenu, Baba. Hiki hiki tulichokalia. Picha hii ndiyo iliyonifungulia njia. Nikafikiri hakuna ukuta unaostahili kuibeba kuliko huu wako."

Yalikuwa maneno mazuri. Shangazi aliguna kwa kuridhika, na mimi nikaanza kupumua. Picha ile nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu, ndogo kama kiganja, na sikuwahi kuitazama kwa kutafuta kitu. Nilikuwa naitazama kwa kujivunia.

Baba aliiweka magotini. Akavaa miwani, akanyoosha kidole chake cha shahada, kile chenye kovu la bati, akakitembeza polepole juu ya kioo.

"Mwamba huu naujua," alisema. "Na huu ni ule mti uliopigwa radi. Hii ni njia inayoshuka shuleni. Umepatia kabisa. Una mkono, kijana."

"Asante, Baba."

Brashi alinitupia jicho, lile jicho linalonifanya nikosee mshono. Nikainamisha uso ili Shangazi asinione, ingawa Shangazi huona vitu ambavyo havijatokea bado.

Kidole cha Baba kikarudi kwenye mwamba. Kikaenda hadi kwenye mti. Kikarudi tena.

"Sasa, kati ya mwamba na mti ndipo tulipo sisi," alisema. "Hapa hapa penye hiki kiti. Mbona mimi naona majani?"

Shangazi aliweka kikombe chake mezani.

"Binti, hebu njoo unisaidie. Huenda ni macho yangu."

Niliinuka nikasimama nyuma yake. Kati ya mwamba na mti palikuwa na majani mabichi, laini, yamelala upande mmoja kwa upepo, na kichaka kimoja. Nikashuka na macho chini ya mteremko. Nyumba ya Mkunga haikuwepo. Nyumba ya Mwalimu Mstaafu haikuwepo. Ya jirani tunayegombana naye kuhusu mpaka, nayo haikuwepo.

"Hata yule jirani wa mpaka umemfukuza?" Shangazi aliuliza akichungulia. "Basi hapo umefanya la maana."

Hapakuwa na wa kucheka. Ili uelewe kwa nini, yakupasa umjue baba yangu. Kilima kizima kinamwita Mzee Bati. Kila nyumba iliyoko kwenye mteremko ule aliipaua yeye, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na mvua ikinyesha hukaa kibarazani akisikiliza kama mtu anayesikiliza wanawe wakisoma kwa sauti. Akisikia mlio mbaya kwenye nyumba fulani, kesho yake asubuhi yuko kwa watu na ngazi yake, wamemwita au hawajamwita. Paa la nyumba yetu ndilo alilojivunia kuliko yote. Na kwenye picha ile, kazi yake ya maisha ilikuwa imegeuka malisho.

"Labda siku hiyo kulikuwa na ukungu, Baba," nilisema.

Nilimpa Brashi ule uongo kama mtu anayemtupia kamba aliye kisimani. Alichotakiwa ni kuushika tu. Lakini alisugua paji la uso, na alipofungua mdomo alisema kitu kingine.

"Mchoraji huwa anachagua, Baba. Si kila kilichopo kinaingia kwenye picha."

"Aa. Kwa hiyo ulichagua mwamba."

"Ndiyo, Baba."

"Ukachagua na mti uliokufa."

"Ndiyo."

"Mimi niko hai," Baba alisema.

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Baba akipiga kelele yamekwisha, baada ya hapo ataomba chai. Akishusha sauti ujue jambo limeingia ndani. Brashi hakumjua kiasi hicho, akadhani mambo yanatulia, akaanza kueleza habari za mwanga, jinsi bati jipya linavyong'aa na kuvuta jicho, jinsi mtazamaji anavyotaka pa kupumzikia. Nilitamani nimkanyage mguu, lakini meza ilikuwa katikati.

Baba alimwacha amalize. Kisha akasema, "Ulikuwa na mwavuli mweusi."

"Samahani, Baba?"

"Ulipokuwa ng'ambo ya bonde unachora. Ulikaa chini ya mwavuli mweusi, na una kiti cha kukunja. Wiki nzima. Unadhani hatukukuona?"

Uso wa Brashi ulibadilika. "Mlijua ninachora?"

"Mwalimu Mstaafu alipita pale akaja akatuambia. Kuna mtu anachora kilima chote. Siku hiyo hiyo nikaahirisha kazi ya watu. Nikapanda juu, nikafagia majani, nikabadilisha kofia ya paa iliyokuwa imeshika kutu. Nikavaa shati jeupe, fundi mzima nikapigilia misumari na shati jeupe. Nikawaambia wote humu ndani, hakuna kutoka nje na matambara, tunachorwa."

"Mimi alinikataza kukaa kibarazani na khanga ya kulalia," Shangazi alisema. "Wiki nzima. Nilivaa viatu."

"Na huyu," Baba alinielekezea kidole bila kunitazama, "nikamwambia atoe lile shuka la njano alianike, maana njano huonekana kwa mbali. Halikuwa hata limelowa."

Hapo ndipo nilipofumba macho. Kuna hadithi Brashi alinisimulia mara nyingi, na kila aliponisimulia nilimwomba anisimulie tena. Kwamba hakuniona mara ya kwanza karakanani kwangu. Kwamba kabla ya hapo, akiwa ng'ambo ya bonde na rangi zake, alimwona mwanamke akitoka kwenye nyumba yenye paa linalong'aa, akakung'uta shuka la njano, akalianika, akalianua, akalikunja, akalianika upya, na yeye akasahau kilichompeleka. Hakuthubutu kuja kubisha hodi; alizunguka mji mzima akimtafuta huyo mwanamke mpaka akamkuta kwenye cherehani. Sikuwahi kumwambia kwamba shuka lilikuwa kavu, na kwamba nililirudia vile kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisitoke pale mpaka jua lizame.

Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama. Na mawazo yangu yalikuwa yameshamtangulia, yamefika kwenye lile shuka.

"Nimeingoja hii picha miaka yote hii," Baba alisema. "Nimeulizwa na mafundi wenzangu nikawaambia subirini mtaniona ukutani. Leo umeniletea mwenyewe, hadi nyumbani." Aliinuka, akaiegemeza picha kwenye kabati kwa uangalifu, maana hata akiwa na hasira hawezi kuweka kazi ya mtu vibaya. "Kijana, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini binti yangu sikupi. Umeweza kunitoa mimi kwenye kilima changu mwenyewe nikiwa nimesimama juu yake. Siku huyu akikaa mahali pasipokupendeza, naye utampaka majani. Chai yako inapoa."

Akatoka kwenda uani.

Shangazi alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akachukua birika ambalo halikuhitaji kuchukuliwa, akaenda jikoni. Mlango wa jikoni aliuacha wazi kidogo, kama kawaida yake.

"Mpenzi," Brashi alinong'ona, "atatulia. Nitamrudishia nyumba yake. Nitamchorea nyingine, nyumba zote, mapaa yote, jua linapiga—"

"Siku ile uliyoniona na shuka," nilimkatiza. "Ulikuwa unachora picha hii?"

Aliitazama ile karatasi ya kahawia sakafuni.

"Nijibu."

"Ndiyo."

"Basi mimi niko wapi?"

Nilisikia kijiko kikianguka jikoni. Brashi aliitazama picha pale kwenye kabati, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakajaa huzuni ambayo siku nyingine ingenifanya nimshike mkono.

"Nilikuchora," alisema. "Nilimchora pia baba yako akiwa juu ya paa. Niliwachora wote. Wewe ndiwe niliyekuchora vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora."

"Halafu?"

"Halafu nikaipeleka kwa Mama Fremu."

Mama Fremu ndiye mwenye nyumba ya sanaa, yule anayeuza kazi zake kwenye mahoteli. Nimewahi kukutana naye. Ni mwanamke mwenye sauti nzuri ambaye hushika picha kama anachagua nyanya.

"Akasemaje?"

"Akasema wageni wanataka kilima kilichotulia. Akasema bati linaumiza macho na nguo za kuanikwa zinaharibu. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza mtu mkubwa kuitazama kazi yangu. Mimi nilikuwa bado nachora ndege za studio. Nikarudi nyumbani nikachukua kisu cha rangi."

"Kisu?"

"Rangi ikishaanza kukauka haifutiki kwa kitambaa. Inakwanguliwa." "Ile njano haikutaka kutoka. Nilikwangua usiku kucha, bado ikawa inachungulia. Nikaweka kichaka juu yake."

Nilikitazama kile kichaka. Kilikuwa kichaka kizuri, chenye kivuli chake, na watu wameamka nacho kwenye kalenda mwaka mzima bila kukijua.

"Kwa hiyo mimi ni kichaka," nilisema.

"Usiseme hivyo."

"Nimekosea wapi? Umenisimulia jinsi ulivyoniona ukasahau kila kitu. Ukazunguka mji mzima. Na wakati unazunguka kunitafuta ulikuwa umeshanikwangua. Ulikuwa unamtafuta nani?"

"Wewe. Ndiyo maana nilikutafuta. Sikuweza kulala."

Niliamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba niliamini kila neno. Nilikuwa nampenda na nina hasira naye, na vitu hivyo viwili havikutaka kupishana kwenye kifua kimoja. Machozi yalinijia nikayarudisha.

"Nenda kamwambie Baba," nilisema.

"Nimwambie nini?"

"Haya uliyoniambia mimi. Anadhani hukumwona."

Alisimama. Alishusha pumzi, akaitengeneza ile kola iliyoungua, akatoka uani. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Baba alikuwa amekaa juu ya tofali karibu na tangi la maji, akiunyoosha msumari kwa nyundo, msumari ambao hakuwa na kazi nao.

"Baba," Brashi alisema, "haukuwa ukungu. Niliwaona. Ulikuwa na shati jeupe la mikono mirefu, umefunga vifungo mpaka shingoni na lile jua. Kila ukipigilia msumari ulikuwa unasimama kidogo, unageukia upande wangu. Nilidhani unapumzika. Nilikuchora ukiwa umesimama hivyo, na nyundo mkononi. Baadaye niliambiwa nitoe, na nikatoa. Hakuna aliyenishika mkono. Naomba radhi."

Nyundo ilisimama. Niliona masikio ya Baba yakibadilika rangi kama ya mtu aliyeshikwa akijitazama kwenye kioo. Nilifikiri atasamehe. Naapa nilifikiri hivyo, kwa sababu alimtazama Brashi usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwa hiyo ulituona vizuri," alisema.

"Vizuri sana, Baba."

"Afadhali ungekuwa hukutuona."

Akaurudisha msumari ndani ya kopo. Kisha akanigeukia mimi pale mlangoni. "Mimi langu nimesema. Lakini amesema kweli, na wewe si mtoto. Mpeleke getini. Utakalolikata wewe sitalipinga."

Tulitembea hadi getini bila kugusana. Jua lilikuwa bado kali, mabati ya mteremko mzima yakimeta, na ilibidi tufinye macho. Brashi alitazama chini kwenye bonde kama mtu anayeliona leo.

"Ile kazi kubwa ya ukumbi wa hoteli uliyopewa," nilisema. "Vitambaa vyake nimeshavikata, vimekunjwa mezani kwangu. Utachora nini?"

"Kilima hiki. Mama Fremu anataka upande huu, lakini picha kubwa, ya ukuta mzima. Baada ya kazi hiyo, mpenzi, hatutahangaika tena. Nilitaka tuoane ikiisha."

Nilishika komeo la geti. Nilikuwa nimekwisha kata shauri tangu pale mlangoni, tangu aliposema hakuna aliyemshika mkono. Mwanaume anayeweza kusema vile mbele ya baba mwenye nyundo, nilijiambia, anastahili nafasi moja.

"Sikiliza," nilisema. "Njoo kesho. Njoo na mwavuli wako na kiti chako, ukae pale pale ulipokaa. Sisi hatutavaa vizuri. Baba hatapanda juu. Shangazi atakaa kibarazani na khanga yake. Mimi nitafua vitu vya kweli, mashuka na mataulo na soksi. Utatuchora tulivyo, na huo ndio utakuwa ukuta wa ukumbi. Ukimaliza, mimi mwenyewe nitakushika mkono nikuingize ndani kwa Baba, na atakukubali. Namjua."

Uso wake ulifunguka. Nilimwona akinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza karakanani, alipoingia akasahau ameingia kununua nini. Alinyanyua mkono kama anayetaka kunigusa shavu. Nikajua nitamsamehe yote, kisu, kichaka na kalenda.

Halafu mkono ukasimama njiani. Akakunja uso kidogo, wala hakuwa na nia mbaya, nasema kwa haki yake. Ndivyo mtu anavyokunja uso akikumbuka ameacha jiko linawaka.

"Na Mama Fremu," aliuliza, "nitamwambia nini?"

Niligeukia geti. Nilimpenda hata wakati ule, na komeo lile jepesi likanishinda mara ya kwanza. Mara ya pili nililivuta likafunguka. Aliona geti likiwa wazi, akaelewa. Alipita karibu yangu. Harufu ya mafuta ya rangi ilibaki kwa muda kisha nayo ikaondoka.

Niliporudi, Shangazi alikuwa amekaa kibarazani ananisubiri, birika liko miguuni pake.

"Amekujibu nini?" aliuliza.

"Hajanijibu, Shangazi. Ameniuliza swali."

Alifungua mdomo, na mimi nikangoja utani wake, maana haujawahi kukosekana. Lakini alisogea tu upande mmoja wa benchi ili nipate pa kukaa.